Kulungu Hatafutwi Siku ya Msimu: Kupanga Windo la Kwanza Colorado

Mwindaji mpya anayepanda mlima wa Colorado mwanzoni mwa Novemba bila kujua kulungu wamehama lini, atatembea siku nzima katika msitu mtupu. Kinyesi atakiona, na njia zilizokanyagwa ataziona, kwa kuwa kulungu walikuwepo kweli. Walishuka kabla hajafika. Kazi yote ya kupeleleza ni kujibu swali moja: kulungu watakuwa wapi katika tarehe zilizoandikwa kwenye leseni yako?

Mwongozo huu ni wa mtu anayeishi Denver, Aurora, Greeley au mji mwingine wa jimbo hilo, ambaye hajawahi kuwinda na anamtaka kulungu anayeitwa mule deer. Utah, Wyoming na Idaho wana mnyama huyohuyo, ila kanuni zao ni nyingine.

Utamtambua kwa masikio makubwa kama ya nyumbu yule wa kubeba mizigo, matako meupe, na mkia mwembamba mweupe wenye ncha nyeusi. Akishtuka huruka kwa miguu yote minne kwa pamoja, kama mpira unaodunda. Pembe za dume hugawanyika mara mbili, na kila tawi likagawanyika tena. Binamu yake mwenye mkia mpana, anayepatikana zaidi kwenye nyanda za mashariki, ana shina moja la pembe ambalo ncha zote huchipuka juu yake.

Hatua ya 1: Karatasi kwanza

Ukiwa umezaliwa tarehe 1 Januari 1949 au baada yake, Colorado haikuuzii leseni bila cheti cha masomo ya usalama wa uwindaji. Yamalize majira ya baridi, maana yakianza mazoezi ya bunduki na maombi ya leseni muda hautatosha. Leseni za bei ya mkazi hupewa mtu aliyeishi jimboni miezi 6 mfululizo kabla ya kuomba. Tofauti si ndogo: mkazi hulipa makumi ya dola, mgeni mamia.

Leseni zote za kulungu hutolewa kwa idadi maalumu, na nyingi hupitia droo. Maombi hufunguliwa tarehe 1 Machi na kufungwa mwanzoni mwa Aprili. Kabla ya kuomba, uwe tayari umenunua leseni nyingine inayokubaliwa, kwa mfano ya mwaka ya wanyama wadogo au ya bata mzinga wa majira ya kuchipua, pamoja na stempu ya makazi ya wanyama. Wengi hukwama hapa usiku wa mwisho, kwa hiyo usiuache ukufikie. Ukikosa, kuna droo ya pili mwezi Juni, na leseni zilizobaki huuzwa Agosti.

Kuna jambo wahamiaji wanapaswa kulijua kabla ya kushika bunduki yoyote, hata ya kuazima. Mwenye makazi ya kudumu anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kumiliki bunduki. Aliyeingia kwa viza ya muda, ya masomo au ya kazi, amekatazwa isipokuwa kwa masharti machache. Kuwa na leseni halali ya uwindaji ni mojawapo. Asiye na hadhi halali amekatazwa kabisa. Kosa la bunduki linaweza kuharibu kesi ya uhamiaji, kwa hiyo palipo na shaka yoyote mwone kwanza wakili wa uhamiaji. Usitegemee maneno ya muuza duka.

Hatua ya 2: Kitalu na msimu huchaguliwa pamoja

Jimbo limegawanywa katika vitalu vyenye namba. Kila leseni ina msimbo. Chukua mfano wa muundo D-M-025-O2-R: D ni kulungu, M ni dume (F ni jike), 025 ni kitalu, O2 ni msimu wa pili, R ni bunduki ya risasi. Ile O ni herufi wala si sifuri. Leseni hiyo haikuruhusu kuwinda katika kitalu cha jirani, hata kama mpaka ni kijito unachokiruka.

Msimu wa kwanza wa bunduki, katikati ya Oktoba, kwa kawaida ni wa elki, jamaa mkubwa wa kulungu. Kulungu huwindwa zaidi katika msimu wa pili, mwishoni mwa Oktoba, na wa tatu, karibu wiki ya pili ya Novemba. Wa nne unafuata, mfupi na wenye leseni chache. Kadiri msimu unavyochelewa ndivyo madume yanavyotembea mchana kutafuta majike, kwani kilele cha kupandana ni katikati ya Novemba kuelekea mwisho wake. Ndiyo sababu misimu ya mwisho hudai pointi nyingi za upendeleo, zile unazojikusanyia kila mwaka unapokosa chaguo lako la kwanza.

Fungua tovuti ya Colorado Parks and Wildlife (CPW), idara ya wanyamapori ya jimbo, utafute ripoti mbili. Ya kwanza ni ya matokeo ya droo: inaonyesha kila msimbo ulipatikana kwa pointi ngapi. Ya pili ni ya mavuno: wawindaji wangapi waliingia kitaluni, wangapi walipata. Soma miaka mitatu au minne pamoja, maana mwaka mmoja hudanganya. Majira ya baridi ya 2022–2023 yaliua kulungu wengi kaskazini-magharibi mwa jimbo na leseni zikapunguzwa sana huko. Aliyepanga windo kwa takwimu za kabla ya hapo alipanga kwa kundi ambalo halipo tena.

Ushauri wetu kwa windo la kwanza ni leseni ya jike, au ya dume katika kitalu kinachopatikana bila pointi au kwa pointi chache, kisichozidi saa nne kwa gari kutoka nyumbani. Kitalu maarufu kilicho mbali utakipeleleza mara moja tu, na mara moja haitoshi. Kitalu cha wastani unachoweza kukifikia Jumamosi tatu za kiangazi kitakufundisha mengi zaidi. Jike naye ana nyama tamu, na hatua zote za kumwinda ni zilezile.

Angalia pia ni ardhi ya nani. Vitalu vingine vina kulungu tele lakini karibu vyote ni mali ya watu binafsi. Unataka msitu wa taifa au ardhi ya BLM, idara ya shirikisho inayosimamia ardhi ya umma, kwa wingi, na barabara halali ya kuifikia. Colorado haimlazimu mwenye shamba kuweka kibao. Ukiingia bila ruhusa umevunja sheria hata kama hakuna uzio. Programu kama onX Hunt huonyesha mipaka ya umiliki kwenye simu. Pakua ramani za eneo lako ungali na mtandao, kwa sababu mabondeni hakuna.

Hatua ya 3: Ramani mezani

Hapa ndipo windo linapopatikana au kupotea, kwa hiyo usiwe na haraka.

Kiangazi kulungu huishi juu, mara nyingi mita 2,700 hadi kwenye mabonde ya mlimani yaliyo juu ya mstari wa miti. Baridi wako chini, kwenye vichaka vya kijivu vya seji na vilima vya mireteni na misonobari mifupi. Katikati wanapita njia zilezile mwaka baada ya mwaka, na majike huzirithisha watoto wao. Safari hizo zinaweza kuwa ndefu ajabu: Wyoming, watafiti waliowavisha kulungu kola za GPS walitangaza mwaka 2014 njia ya takribani kilomita 240, kutoka Red Desert hadi Hoback. Colorado nyingi ni fupi kuliko hiyo, lakini hata kilomita 20 zinatosha kukuacha upande usio sahihi wa mlima.

CPW wana ramani ya bure mtandaoni inayoonyesha maeneo ya kiangazi, ya baridi na njia za kuhama. Weka tabaka hizo juu ya kitalu chako. Kisha jiulize kuhusu tarehe. Mwishoni mwa Oktoba, kama theluji haijashuka, kulungu wengi watakuwa kwenye mkanda wa kati: vichaka vya mialoni, aspeni, kingo za misitu. Theluji ikikaribia magotini juu, watateremka, wakati mwingine kwa usiku mmoja au miwili. Kufikia msimu wa tatu wengi wamekaribia eneo la baridi. Kwa hiyo chagua sehemu tatu za kimo tofauti ndani ya kitalu kimoja, ya juu, ya kati na ya chini, na kila moja uwe na njia ya kuifikia barabara ikiwa imejaa tope au theluji.

Ndani ya kila sehemu tafuta vitu vitatu vilivyo karibu: chakula, kivuli na kimbilio. Kulungu huyu si mla nyasi kama ng'ombe. Hula machipukizi ya vichaka. Miteremko inayotazama kusini hupata jua, huwa wazi na yenye vichaka vya kula. Inayotazama kaskazini ina miti minene na ubaridi, na huko hulala. Mahali ambapo hizo mbili zinakutana, kwenye mgongo wa mlima au ukingo wa bonde, ndipo pa kuwekea alama. Kwenye mistari ya kontua, ile inayoonyesha kimo kwenye ramani, tafuta palipoachana kidogo katikati ya mteremko mkali. Hapo pana jukwaa tambarare, na kulungu hupenda kulala juu yake, upepo ukimjia kwa mgongoni huku macho yake yakilinda bonde lililo chini.

Weka alama pia mahali pa kukaa wewe na darubini: kilima chenye uwazi, mita 500 hadi 1,500 kutoka mteremko unaoutazama, ambacho unaweza kukifikia gizani bila kuukatiza. Mwisho, chora mstari wa kilomita moja na nusu kila upande wa barabara zote. Wawindaji wengi hawavuki mstari huo, na kulungu hujifunza haraka, mara nyingi siku ya kwanza tu ya msimu. Bonde dogo baya, lenye mteremko mkali kati ya maegesho mawili, mara nyingi lina kulungu kuliko uwanda mzuri unaopendeza kwenye picha.

Hatua ya 4: Miguu chini

Nenda kitaluni angalau mara mbili kati ya Julai na mwanzoni mwa Oktoba. Safari ya Julai au Agosti ni ya kujua barabara, maji, malango, na kama kulungu wapo kabisa. Wakati huo madume hutembea kwa vikundi, pembe zikiwa bado na ngozi ya mahameli, na huonekana wazi alfajiri. Usilipende sana dume uliloliona Agosti. Mwanzoni mwa Septemba hupangusa mahameli, vikundi huvunjika, nayo huingia msituni.

Safari inayofaa zaidi ni ya wiki mbili au tatu kabla ya msimu wako. Hapo unatafuta dalili mpya:

Nyayo za kulungu mkubwa zina urefu wa sentimita 7 au 8 hivi, zenye umbo la moyo. Zikifika sentimita 10 na kuwa za mviringo zaidi, ni za elki.

Kinyesi kibichi ni cheusi, kinang'aa, na kinapondeka. Kikiwa kikavu cha kahawia na kina nyufa, ni cha wiki nyingi nyuma.

Vichaka vya Purshia, vyenye vijani vidogo vya meno matatu nchani, Amelanchier na Cercocarpus ndivyo chakula chao. Tazama ncha za matawi: kulungu hana meno ya mbele ya juu, kwa hiyo huchana tawi na kuliacha na nyuzinyuzi. Sungura hulikata mshazari, safi kama kisu.

Malalo ni shimo dogo la duara la vumbi chini ya mti, mara nyingi katika theluthi ya juu ya mteremko.

Usiyakanyage malalo mara kwa mara. Ukishathibitisha kwamba wapo, rudi nyuma umalizie kazi kwa darubini.

Kutumia darubini ni ufundi, na wageni hushindwa kwa sababu wanatembea mno na kutazama kidogo. Darubini ya 10x42 juu ya stendi ya miguu mitatu itakuonyesha mara nyingi zaidi ya ileile mkononi, kwa kuwa haitikisiki. Uwe umekaa nusu saa kabla ya mwanga, jua likitokea nyuma yako ikiwezekana. Kwanza pitia haraka sehemu zote za wazi. Kisha ugawe mteremko katika vipande, utazame kila kipande kutoka kushoto kwenda kulia, ushuke, urudi. Usimtafute kulungu mzima. Tafuta sikio linalopindika, mstari wa mgongo uliolala sawa katikati ya miti iliyosimama wima, doa jeupe la matako, mguu chini ya tawi. Saa tatu au nne za asubuhi, kivuli kinapohama, kulungu aliyelala huamka kubadilisha mahali. Wengi wakati huo wameshaondoka kwenda kupika chai. Wewe kaa.

Hatua ya 5: Bunduki na mipaka yako

Colorado inataka bunduki ya kulungu iwe na kipenyo cha mtutu kisichopungua inchi .24, na risasi ya uzito wa greni 70 au zaidi. Bunduki ya bolti ya .243 Winchester, 6.5 Creedmoor, .270 au .308 inatosha kabisa. Anayeanza hahitaji magnamu, yaani bunduki ya risasi zenye nguvu zaidi; mshindo wake humfundisha kufumba macho.

Irekebishe ipige sawasawa kwa yadi 200, kwa risasi zilezile utakazowinda nazo. Baada ya hapo achana na meza ya uwanja wa shabaha. Piga ukiwa umekaa, umepiga magoti, umeegemea begi, moyo ukienda mbio baada ya kupanda kilima. Sehemu ya moyo na mapafu ya kulungu ina upana wa sentimita 20 hadi 25. Umbali wako wa mwisho ni ule ambao risasi tano zote zinaingia katika sahani ya sentimita 20 kwa mkao wa porini. Kwa wengi wapya ni yadi 150 au 200. Uandike mpaka huo kwenye karatasi na uubandike kwenye kitako cha bunduki, kwa sababu mbele ya dume utasahau.

Hatua ya 6: Mpango wa siku

Upepo ndio unaoamua njia. Usiku na alfajiri hewa baridi huteremka bondeni. Jua likishapasha mteremko, hewa hupanda. Kwa hiyo asubuhi na mapema ukiwa juu, harufu yako inawashukia wote walio chini. Subiri hewa igeuke, ndipo uwajie kutoka juu. Chupa ndogo ya unga laini ya kupimia upepo inafaa kuliko vifaa vingi vya bei kubwa.

Vaa angalau inchi za mraba 500 za rangi ya machungwa au waridi inayong'aa, na kofia ya rangi hiyohiyo. Kupiga kunaruhusiwa kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama. Ndani ya gari bunduki haina risasi. Ndani ya koti usivae pamba, maana ikilowa inanyonya joto la mwili. Vaa sufu au sintetiki kwa matabaka. Beba taa mbili, viberiti, maji lita 3, kitambaa cha kufunga jeraha linalovuja damu, na ramani ya karatasi. Mwachie mtu nyumbani mahali utakapoegesha na saa ya mwisho atakapoanza kuita msaada. Aliyetoka pwani au tambarare alale usiku mmoja kwenye kimo kabla ya kupanda mita 3,000. Maumivu ya kichwa na kichefuchefu visivyopungua ni amri ya kushuka.

Hatua ya 7: Risasi na baada yake

Msubiri akupe ubavu. Lenga nyuma kidogo ya bega, theluthi moja kutoka chini ya kifua. Usipige mgongo wa mlima wenye anga nyuma yake. Msomaji Mwislamu ataje jina la Mwenyezi Mungu anapofyatua, na akimkuta mnyama angali hai amchinje. Yaliyobaki amuulize mwanazuoni anayemwamini kabla ya msimu.

Ukishapiga, pakia risasi nyingine na uendelee kutazama. Weka alama aliposimama na alipoonekana mwisho. Damu ya waridi yenye mapovu ni ya mapafu: subiri nusu saa. Akijikunja mgongo na kuondoka polepole, au damu ikiwa na majimaji ya kijani, umepiga tumbo. Hapo ni saa kadhaa za kungoja, kwa uchungu wote wa kungoja huko. Ukimfuata mapema ataamka na kukimbia kilomita nyingi, na nyama na mateso yake vitapotea bure. Anapokuwa amelala, mjie kwa nyuma na umguse jicho kwa fimbo ndefu.

Kabla ya kisu, leseni. Kata lebo, tia sahihi na tarehe. Sheria inataka utoe miguu yote minne, minofu ya mgongo na ya ndani, na alama ya jinsia ibaki imeshikamana na nyama kiasili. Vaa glavu. Ondoa ngozi haraka, kwani ndiyo inayohifadhi joto, na nyama ya paja huanza kuharibika kwenye mfupa. Kata vipande vinne, viweke kwenye mifuko ya kitambaa, vitundike kivulini penye upepo. Kulungu mkubwa hutoa takribani kilo 25 hadi 35 za nyama isiyo na mifupa: safari moja nzito kwa watu wawili, mbili kwa mtu mmoja. Lifikirie hilo kabla ya kupiga ng'ambo ya bonde saa kumi na moja jioni.

Usipasue uti wa mgongo wala ubongo. Ugonjwa wa CWD, unaoharibu ubongo wa kulungu na elki, ulitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1967 karibu na Fort Collins, na sasa uko katika sehemu nyingi za Colorado. Mnyama mgonjwa anaweza kuonekana mzima kabisa. Peleka kichwa kwenye kituo cha CPW kipimwe, hata kama kitalu chako hakikulazimishi. Gandisha nyama ikiwa na namba ya kipimo kwenye kila pakiti, usiichanganye na ya mnyama mwingine, na usipike wala kumgawia jirani mpaka majibu yatoke. Yakionyesha ugonjwa, wataalamu wa afya wanashauri nyama hiyo isiliwe; wapigie CPW wakuelekeze namna ya kuitupa.